UZI: Wanamatishari wa mto Thames na chama chao, walivyolinda mlango wa kazi hadi mzigo wenyewe ukahama

#1 Maji Mafu (mleta mada)

Wakuu, habari za muda.

Tukigusa vyama vya wafanyakazi vya Uingereza humu jukwaani, mara zote tunaangukia kwa wachimba makaa ya mawe au makuli wa bandari. Kuna kundi linarukwa, na ndilo lililoshika ufunguo wa bandari ya London kwa muda mrefu: wanamatishari wa mto Thames, yaani watu wanaobeba mizigo kwa matishari, vyombo bapa vya mtoni. Chama chao kilikuwa kidogo ukikilinganisha na vya makuli, lakini kikigoma, mto wote unalala. Nitaleta kwa vipande. Mwenye swali aulize, mwenye kupinga apinge.

Dai langu nalisema mapema: kilichokipa chama hiki nguvu ndicho hichohicho kilichokitenga na wenzake. Nguvu yao ilikuwa leseni. Huna leseni, hugusi tishari. Wakailinda hiyo leseni kwa vizazi na vizazi, na kila walipotakiwa kuungana na wengine, swali lao lilikuwa moja: mlango wetu nani ataulinda?

Kwanza kazi yenyewe. Thames pale London una maji ya kujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti ya kimo karibu na London Bridge hupita mita 6. Meli zamani haikuwa lazima ifunge gatini. Ilifungwa kwenye maboya katikati ya mto, mzigo ukashushwa kwenye matishari, na matishari yakausambaza kwenye mabohari yaliyojipanga kingo zote mbili. Tishari la enzi hizo lilikuwa bapa chini, halina injini, halina tanga. Lilibeba tani kwa makumi, mengine kupita 100. Mtu mmoja, pengine na mwanagenzi wake, analitoa kwenye mkondo halafu maji ndiyo yanayolipeleka. Yeye na kasia lake refu kazi yake ni kulielekeza lisivunjike kwenye nguzo za daraja. Ukikosea saa ya maji, umekaa kwenye tope hadi maji yajae tena, na tajiri wa mzigo anakusubiri bohari.

Kazi ya namna hiyo huwezi kumwokota mtu barabarani asubuhi ukampa. Hapo ndipo penye kila kitu.

#2 Kitangulizi

Nimewahi kiti cha mbele. Shusha nondo mkuu.

#3 Fundi Mchundo

Mleta mada, hebu tofautisha. Wanaovusha abiria na wanaobeba mizigo ni watu wamoja? Nimewahi kusoma mahali wanatajwa wote pamoja kama mapacha.

#4 Maji Mafu

Swali zuri Fundi. Asili yao ni mbili. Wavushaji walibeba watu kwa mitumbwi midogo, na wanamatishari walibeba mizigo. Wavushaji ndio waliotangulia kuwekewa sheria: mwaka 1514 Bunge la Uingereza lilipanga nauli zao, na mwaka 1555 ikatungwa sheria iliyounda chombo cha kuwasimamia na kulazimisha uanagenzi. Wanamatishari waliingizwa kwenye kampuni hiyohiyo mwaka 1700. Jengo lao lililopo sasa, mtaa wa St Mary-at-Hill, ni la mwaka 1780 na bado linatumika.

Sasa tuelewane: hiyo "kampuni" haikuwa chama cha wafanyakazi. Ndani yake walikuwemo wenye matishari na walioajiriwa, bosi na mfanyakazi wake meza moja, na usukani ulikuwa mikononi mwa wenye mali. Kijana alipelekwa pale ukumbini na baba yake au mjomba wake, anafungwa kwa bwana wake miaka mitano hadi saba, kisha anajibu maswali mbele ya wazee wa mto na kupewa uhuru wa kufanya kazi. Wengi walikuwa watoto wa wanamatishari. Koo zilezile, mitaa ileile.

Wavushaji wao walianza kuzama mapema. London Bridge lilikuwa daraja pekee la mjini kwa mamia ya miaka, na mto ndio uliokuwa barabara. Daraja la Westminster likafunguliwa 1750, mengine yakafuata, halafu kuanzia miaka ya 1810 zikaja boti za mvuke. Abiria wakaondoka. Mizigo ndiyo kwanza ilikuwa inaongezeka, kwa hiyo uzito wa mto ukahamia kwa wanamatishari.

#5 bint_Sururu

Ngoja kwanza. Si London ilijenga mabwawa makubwa ya bandari miaka hiyo? Meli ikiingia ndani ya bwawa na kufunga gatini, tishari la nini tena?

#6 Maji Mafu

Dada umegonga penyewe. West India Docks yalifunguliwa 1802, London Docks 1805, East India 1806, St Katharine 1828. Kwa hesabu ya kawaida wanamatishari walitakiwa wafe hapo hapo. Kilichowaokoa ni kifungu cha sheria.

Sheria ya 1799 iliyoruhusu kujenga West India Docks iliweka masharti kwamba matishari yanayokuja kuchukua au kuleta mzigo melini yaingie bwawani bure, bila kulipa ushuru. Kiliitwa kifungu cha maji huru, na kikawekwa kwenye sheria za mabwawa yaliyofuata pia. Wenye mabohari ya mtoni walikipigania kwa sababu bila hicho wangekufa njaa. Matokeo yake kampuni za mabwawa zilimwaga fedha nyingi kujenga kuta, malango na maghala, halafu meli ikiingia tu, matishari yanaizunguka, yanapakua ubavuni na kuondoka na mzigo kwenda bohari za nje zenye bei nafuu. Kampuni zililalamika miongo mingi na zikajaribu kukifuta katikati ya karne ya 19. Zikashindwa.

Kwa hiyo jiwekeni kwenye nafasi ya mwanamatishari wa mwaka 1870. Bandari kubwa kuliko zote duniani, sehemu kubwa ya mzigo wake unapita mikononi mwako, na sheria inasema asiye na leseni haruhusiwi kukugusia kasia. Umeshika koo la biashara. Wakati huohuo siku yako ya kazi haina mwisho unaojulikana, kwa sababu maji hayafuati saa ya ofisini, na malipo yanapangwa na bosi yuleyule anayekaa juu kwenye kampuni ya ukumbini.

Mwaka 1871 sheria mpya ikavipa vyama vya wafanyakazi hadhi ya kisheria. Mwaka uliofuata, 1872, wakaanzisha chama chao: Amalgamated Society of Watermen and Lightermen. Safari hii bila mabosi.

#7 Fundi Mchundo

Hapo ndipo ninapoanza kuwa na mashaka na hawa jamaa. Chama cha watu waliorithi kazi kwa baba zao, wenye leseni, wanaomfungia mlango mtoto wa kuli. Hao mbona ni makabaila wa mtoni tu? Chama cha wafanyakazi kazi yake ni kufungua milango.

#8 bint_Sururu

Fundi usiwe na haraka. Kuli wa London wa wakati huo alikuwa anasimama getini kila asubuhi, wanachaguliwa wachache, waliobaki wanarudi nyumbani mikono mitupu, na aliyechaguliwa anaweza kupewa kazi ya saa mbili. Mwanamatishari aliyaona hayo kila siku akiwa juu ya tishari lake. Ungekuwa wewe ungeufungua huo mlango? Leseni ndiyo iliyokuwa kati yake na lile geti.

#9 Mzee wa Gati

Wanangu mnabishana vizuri. Mimi nasema wote mko sahihi, na hiyo ndiyo shida ya chama cha ufundi popote. Endelea kijana.

#10 Maji Mafu

Shikamoo mzee. Naendelea.

Mwaka 1889 mnaujua. Tarehe 14 Agosti makuli wa West India Docks waligoma, wakidai peni 6 kwa saa badala ya 5. Ben Tillett, Tom Mann na John Burns wakauongoza, bandari yote ikasimama, michango ya wafanyakazi wa Australia ikafika zaidi ya pauni 30,000, Kadinali Manning akasuluhisha, na katikati ya Septemba makuli wakapata peni zao.

Kinachosahaulika ni kwamba wanamatishari walitoka pia, na hawakutoka kwa huruma peke yake. Walikuwa na madai yao ya saa na malipo ya usiku. Makuli bila wao wangeweza kushindwa, maana tajiri akileta watu wengine gatini bado mzigo unahitaji tishari, na mwenye leseni ya tishari huwezi kumtoa kijijini. Suala la makuli lilipokwisha, la wanamatishari liliamuliwa pembeni, Lord Brassey akiwa mwamuzi. Angalieni hilo: mgomo mmoja, makubaliano mawili. Tabia hiyo itarudi.

Sasa anaingia mtu ambaye ukimwondoa, historia hii haina uti wa mgongo. Harry Gosling, mzaliwa wa Lambeth, 1861, ukoo wa watu wa mtoni. Alifungwa uanagenzi katika ukumbi uleule akiwa kijana mdogo. Mwaka 1893 akawa katibu mkuu wa chama na akakaa kwenye kiti hicho karibu miaka 30. Hakuwa mpiga kelele kama Tillett. Alikuwa mtu wa vikao: baraza la jiji la London, halafu bodi ya Port of London Authority ilipoanza kazi 1909, akiingia kama sauti ya wafanyakazi. Mamlaka hiyo ndiyo iliyonunua mabwawa yote na kuchukua pia kazi ya kutoa leseni za mto kutoka kwa kampuni ya zamani.

Kwangu mimi hapo ndipo penye utamu. Leseni iliyokuwa mikononi mwa wazee wa ukumbi sasa iko kwa mamlaka ya umma, na mwenyekiti wa mamlaka hiyo ni Lord Devonport, mfanyabiashara wa vyakula, mtu asiyependa kuambiwa. Na Gosling anakaa naye bodi moja.

#11 Kitangulizi

Hapa harufu ya vita naisikia.

#12 Maji Mafu

Vita vilikuja mara mbili.

Mwaka 1910 vyama vya bandari na usafiri viliunda shirikisho, National Transport Workers' Federation, Gosling akiwa rais. Agosti 1911, joto kali, London ikasimama: makuli, wenye mikokoteni, wanamatishari. Vyakula viliharibika, siagi ikayeyuka mabohari. Waajiri wakakubali haraka kuliko walivyozoea. Kila kundi likapata chake.

Ushindi wa 1911 uliwalevya. Mei 1912 msimamizi mmoja wa matishari alikuwa na kadi ya chama kingine, cha wasimamizi, akakataa kuchukua kadi ya shirikisho. Wanamatishari wakakataa kufanya kazi naye. Kampuni ikakataa kumwondoa. Tarehe 23 Mei shirikisho likaita mgomo wa bandari yote ya London.

Tulieni hapa kidogo. Mgomo wa makumi ya maelfu ya watu uliwashwa na kadi ya mtu mmoja ambaye naye alikuwa na chama chake. Wapo wanaosema ilikuwa ujinga. Mimi naona mwanamatishari hakuona kadi pale, aliona mlango. Kwa miaka mia mbili na zaidi swali la nani aruhusiwe juu ya tishari ndilo lililomlisha, na sasa kwa vile leseni ilikuwa imehamia kwa Devonport, kadi ya chama ndiyo iliyobaki kuwa leseni yake yeye mwenyewe. Kumwachia huyo mmoja kulikuwa kuachia zote.

Devonport safari hii alijipanga. Serikali ikamteua wakili mkongwe, Sir Edward Clarke, achunguze malalamiko. Mawaziri wakajaribu kuwakutanisha. Bunge lenyewe likapitisha azimio kwamba pande mbili zikutane. Mzee hakutikisika. Watu wa kuvunja mgomo wakaletwa, polisi wakawalinda. Shirikisho likaita bandari nyingine za nchi ziunge mkono mwezi Juni, na nyingi hazikuitika. Watoto wa East End, mitaa ya wafanyakazi wa bandari, walikuwa na njaa. Ndipo Ben Tillett, pale Tower Hill, alipouongoza umati katika dua ya kumwomba Mungu ampige Lord Devonport afe.

#13 Ngurumo77

Aisee! Na alikufa?

#14 Maji Mafu

Aliishi hadi 1934 mkuu. Dua haikupokelewa.

Mwisho wa Julai viongozi wakawarudisha watu kazini bila masharti. Wengi walikuta nafasi zao zina watu, hasa makuli. Wanamatishari waliumia pia, lakini rudini kwenye kile nilichosema mwanzo: watu wa kuokoteza hawakuweza kuendesha matishari kwa muda mrefu bila kuyapasua. Kuli aliyevunjwa moyo 1912 alipoteza kazi. Mwanamatishari alipoteza mgomo.

#15 Fundi Mchundo

Na ndiyo maana nasema! Walianzisha wao, wakalipa makuli. Naomba hili lisipite kimyakimya.

#16 bint_Sururu

Lisipite, sawa. Lakini makuli nao waliitwa na shirikisho lao wenyewe, hawakuburutwa. Mwaka uliotangulia walishinda pamoja, mbona hapo huwahesabii wanamatishari deni?

#17 Mzee wa Gati

Fundi, hapo binti kakubana.

#18 Maji Mafu

Haya, kipande ninachokipenda kuliko vyote. Kaeni vizuri.

Gosling alijifunza 1912 kwa uchungu: shirikisho ni kamba iliyofungwa kwa uzi, kila chama kikivuta kwake inakatika. Akaungana mawazo na kijana mkali kutoka Bristol, Ernest Bevin, na tarehe 1 Januari 1922 vyama 14 vikayeyushwa na kuwa kimoja, Transport and General Workers' Union. Bevin katibu mkuu. Gosling rais. Chama cha wanamatishari, kile cha 1872, kikaingia humo pamoja na katibu wake wa miaka yote.

Kilikaa muda gani? Angalieni.

Mishahara ya bandari ilikuwa imefungwa kwenye mkataba uliofuata gharama za maisha. Bei zikishuka, mshahara unashuka. Julai 1923 ikafika zamu ya kukata shilingi moja kwa siku. Bevin alisema mkataba tumeutia saini, tuuheshimu. Wanachama wakasema shilingi ni shilingi. Makuli na wanamatishari wa London wakagoma bila idhini ya chama chao, wiki kadhaa, Bevin akiwaamuru warudi. Wapanga mizigo wa melini, ambao chama chao kilikataa kabisa kuingia kwenye muungano, waliwafungulia mlango waasi. Wanamatishari wakahamia huko kwa wingi, hata jina la chama cha wapanga mizigo likarefushwa ili liwataje. Mwaka 1927 wakatoka huko pia na kuunda chama chao wenyewe: Watermen, Lightermen, Tugmen and Bargemen's Union (WLTBU).

Pigeni picha: rais wa chama kikubwa kipya cha usafiri ni mwanamatishari, na wanamatishari wenyewe wanamkimbia. Na wakati hayo yanaendelea Gosling anapanda. Februari 1923 akachaguliwa mbunge wa Whitechapel. Januari 1924 Labour, chama cha siasa cha wafanyakazi, ikaunda serikali yake ya kwanza na yeye akawa waziri wa uchukuzi. Mwezi uliofuata tu, makuli wa nchi nzima wakagoma, chini ya Bevin safari hii, wakidai nyongeza ya shilingi 2 kwa siku, na wakapata. Waziri wa uchukuzi ni aliyekuwa rais wa chama kilichogoma! Sijui alilalaje usiku ule.

Alifariki 1930.

#19 Kitangulizi

Mkuu hapa sielewi kitu kimoja. Kama hasira ilikuwa ya shilingi moja, na 1924 Bevin akairudisha shilingi hiyo na zaidi, mbona hawakurudi kwake? 1927 wanaanzisha chama kipya cha nini?

#20 Maji Mafu

Kwa sababu shilingi ilikuwa kisingizio. Hayo ni maoni yangu, mnaweza kuyakataa. Ndani ya chama cha Bevin, mwanamatishari alikuwa sehemu moja ndogo kati ya madereva wa tramu, wenye mikokoteni na makuli wa nchi nzima. Jambo la leseni, la idadi ya wanagenzi, la nani apande tagi (boti ya kuvuta matishari) gani, yote yakipandishwa ngazi juu kwa watu ambao hawajawahi kukwama kwenye tope la Thames. Walizoea kumaliza mambo yao wenyewe tangu enzi za ukumbi. Bevin alikuwa anajenga jeshi, wao walitaka kijiji chao.

#21 Fundi Mchundo

Na kijiji kikafa.

#22 bint_Sururu

Kilikaa miaka 44 Fundi, 1927 hadi 1971. Vyama vingapi vidogo vimekaa hivyo?

#23 Maji Mafu

Miaka ya katikati nitaipitisha haraka. Mgomo mkuu wa 1926 mto ulisimama kama kwingine. Vita vya pili vilipiga mabwawa vibaya, Surrey Docks iliteketea Septemba 1940 na matishari mengi yakaungua majini. Mwaka 1947 serikali ikaleta mpango wa taifa wa ajira ya bandari, wafanyakazi wakasajiliwa, wakiwemo wanamatishari, na aliyekosa kazi siku hiyo akawa na kifuta jasho. Septemba 1967 ajira ya kuokoteza kila asubuhi ikafutwa rasmi, baada ya tume ya Lord Devlin.

Tazameni tarehe hiyo. Wanapata ajira ya kudumu 1967. East India Docks ilifungwa mwaka uleule, 1967. St Katharine 1968. London Docks 1969. Surrey mwaka uliofuata. Walipewa kiti wakati karamu inafungwa.

Muuaji alikuwa kontena. Mzigo wa magunia, makasha na mapipa ulihitaji mikono kuutoa melini, mikono kuupanga kwenye tishari, mikono kuushusha bohari. Kontena linanyanyuliwa na winchi moja kutoka melini hadi kwenye lori, na lori linakwenda Birmingham moja kwa moja. Meli zenyewe zikawa kubwa mno kwa mabwawa ya ndani, zikaishia Tilbury kule chini au Felixstowe, bandari iliyokuwa nje kabisa ya ule mpango wa usajili. Kile kifungu cha maji huru cha 1799 hakuna aliyehitaji kukifuta. Kiliachwa kikielea kwenye bwawa lisilo na meli.

Wenye akili ya mkakati watanisaidia: ukiwa na nguvu kwa sababu mzigo lazima upite kwako, adui yako mkubwa si bosi anayekunyima shilingi. Ni yule anayetafuta njia ya kukupita. Chama cha wanamatishari kilikuwa hodari wa kupambana na wa kwanza. Dhidi ya wa pili hakikuwa na silaha, na nionyesheni chama cha bandari kilichokuwa nayo.

Mwaka 1971 WLTBU ikarudi ndani ya Transport and General, ileile waliyoikimbia 1923. West India na Millwall zikafungwa 1980, Royal Docks 1981. Mpango wa 1947 ukafutwa na serikali ya Thatcher 1989. Transport and General yenyewe ikaungana na chama kingine, Amicus, mwaka 2007 na kuwa Unite.

#24 Mzee wa Gati

Na ile leseni je? Umeanza nayo, usituache hewani.

#25 Maji Mafu

Mzee wangu, leseni iliishi kuliko chama. Hadi miaka ya 2000 bado ukitaka kuongoza chombo cha biashara pale London ulipita uanagenzi wa miaka mitano na leseni ya mamlaka ya bandari. Januari 2007 Uingereza ikaanza leseni mpya ya taifa ya manahodha wa mito, kufuatia maagizo ya Ulaya, na muda wa chini wa kujifunza ukashuka hadi miaka miwili. Watu wa mto walipinga sana, hoja yao ikiwa usalama: Thames ya kati ina madaraja mengi, mkondo mkali na boti za abiria kila dakika. Kilichobaki ni sharti la kuufahamu mto wenyewe sehemu ile ya katikati, lazima upimwe. Uanagenzi wa ukumbini St Mary-at-Hill bado upo kwa anayetaka.

Matishari nayo hayajaisha. Tagi za kampuni ya Cory zinavuta matishari ya taka za London hadi kwenye mtambo wa kuchoma kule Belvedere. Na taka hizo zimo ndani ya makontena.

#26 Ngurumo77

Hahaha, kontena limewaua babu zao, sasa linawalisha wajukuu.

#27 Fundi Mchundo

Nakubali uzi ni mzito, lakini kwenye 1923 sijakubali. Ukitia saini mkataba unaopandisha mshahara bei zikipanda, huna haki ya kulia bei zikishuka. Bevin alikuwa sahihi.

#28 bint_Sururu

Nani alitia saini, Fundi? Aliyetia ni kiongozi. Aliyekatwa shilingi ni mwingine.

#29 Fundi Mchundo

Basi viongozi ni wa nini?

#30 Kitangulizi

Hawa wawili waacheni, tutawakuta kesho hapahapa. Mkuu Maji Mafu, nilisikia kuna mashindano ya makasia ya vijana waliomaliza uanagenzi, bado yapo?

#31 Maji Mafu

Yapo. Doggett's Coat and Badge, yalianzishwa 1715 na mwigizaji wa jukwaani kutoka Ireland, Thomas Doggett. Wanagombea koti na beji ya fedha, kutoka London Bridge hadi Chelsea. Mwanamke wa kwanza kushindana aliingia 1992. Wapanga mizigo wa melini, wale waliowapokea waasi wa 1923, nitawafungulia uzi wao peke yao. Fundi na dada Sururu mtahamishia ugomvi huko.